Pindo la Mbele

Mwalimu Wima alivunjika mgongo kwa kupiga chafya. Ndiyo, chafya, hii hii unayopiga wewe ukinusa pilipili. Hakuanguka ngazini, hakugongwa na pikipiki, hakuinua hata ndoo ya maji. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha ushonaji cha binti yake, amevaa gauni lililoshikwa na pini kila upande, mikono ameinyoosha ubavuni kama alivyoamriwa, mara vumbi la kitambaa kipya likampanda puani.

"Chya!"

Binti yake alikuwa amepiga magoti mbele yake akipanga pindo. Huyu mtaa mzima unamwita Fundi, hata ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa atageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Fundi aliisikia chafya, akasikia na kitu kingine kidogo, kama kijiti kikavu kinavunjwa chini ya nguo. Halafu akamsikia mama yake anavuta pumzi ndani, na ile pumzi haitoki.

"Nimekuchoma pini, mama? Pole jamani, ni pini?"

"Usiniguse."

Fundi akainua macho. Loo! Uso wa mama yake ulikuwa umepauka kama majivu, jasho limemjaa juu ya mdomo, na ile mikono iliyonyooka ilikuwa inapapasa hewani ikitafuta kitu cha kushika. Ikalipata bega la Fundi. Vidole vikamwingia hadi akataka kupiga kelele yeye.

"Mgongo," mama akasema. "Hapa katikati. Kitu kimekatika."

"Kimekatikaje, mama, na umesimama tu?"

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye fundi!"

Ndivyo alivyo yule mama. Hata roho ikiwa inamtoka, jibu lako utalipata kwanza.

Hebu nikwambie alikuwa nani, ujue kwa nini binti yake alichanganyikiwa vile. Mwalimu Wima alifundisha michezo shule ya msingi tangu akiwa msichana hadi alipostaafu, filimbi shingoni, raba nyeupe miguuni. Neno lake lilikuwa moja: "Wima!" Akilitamka, hata mtoto aliyekuwa anasinzia kwenye mstari alijikuta amenyooka. Mpaka leo watu wazima na vitambi vyao wakikutana naye sokoni huvuta tumbo ndani, hurudisha mabega nyuma, ndipo wamwamkie shikamoo. Aligombana na viti vya kuegemea. Aligombana na wanaotembea wameinamia simu. Chumvi alishakula nyingi, lakini akipita barabarani watu walikuwa wanasema, tazameni yule mama, hazeeki, amenyooka vile vile. Naye alikuwa anayasikia, na alikuwa anayapenda, asikudanganye mtu.

Sasa sikiliza maajabu. Hakuwa amenyooka hata kidogo. Zilikuwa ni nguo.

Kila mwaka Fundi alimshonea mama yake gauni moja la maana. Alikuwa na karatasi za kukatia, kipande cha mbele na kipande cha mgongo, alizozichora kitambo na kuzitundika msumarini, na hakuwa na haja ya kumpima tena, kwani mwili wa mama yake ulikuwa haubadiliki. Mwaka mmoja gauni likakataa. Mbele likaburuza chini, nyuma likapanda kama kuna mtu analivuta. Fundi akalaumu kitambaa, akasema kimelegea. Gauni lililofuata, lile la buluu, akapima upya. Kifuani urefu umepungua, mgongoni umeongezeka. Akalaumu futi. Futi za plastiki zikitumika sana huvutika zikaanza kudanganya, hilo kila fundi analijua, basi akaitupa akanunua nyingine. Ile mpya nayo ikasema yale yale. Unajua alisema nini? Akasema itakuwa mama hakusimama vizuri. Mwalimu Wima, jamani, hakusimama vizuri! Mtu asiyetaka kuona, macho hayamsaidii kitu.

Baada ya hapo akaacha kujiuliza, akaanza kushona. Kipande cha mgongo akakirefusha, akakitia marinda mapana yanayoanzia mabegani na kuporomoka bila kugusa kile kilima kilichokuwa kinaota katikati. Kipande cha mbele akakipunguza. Mabegani akaweka pedi, kola akaisimamisha, ndani akaweka bitana ngumu inayobaki imenyooka hata aliyevaa akichoka. Mama alipojitazama kiooni alijiona kama zamani. Dada wa saluni ya jirani akiingia kuazima mkasi alikuwa anasema, "Mwalimu, ukiendelea hivi watakurudisha kazini!" na Fundi alikuwa anacheka huku ameficha pini mdomoni, anajisikia vizuri. Aliona anampa mama yake heshima. Wateja wengine aliwafichia matumbo, wengine makalio, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amefichwa mno.

Gauni la siku ile ya chafya lilikuwa la shughuli. Ile shule aliyoifundisha ilikuwa imepata uwanja mpya wa michezo, na mkuu wa shule alimwomba Mwalimu aje apulize filimbi ya kufungulia, mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani. Tangu apewe habari ile alikuwa halali vizuri kwa furaha. Lilikuwa gauni gumu kuliko yote. Fundi alikuwa ameongeza kitambaa mgongoni mpaka mwenyewe akaona aibu.

Turudi basi kwenye kile chumba. Dada wa saluni alisikia kelele akaja mbio, mikono imejaa povu la shampuu.

"Mgongo huo umeshikana tu," akasema bila hata kuuliza. "Mkalishe hapa chini. Mimi nitamwekea goti mgongoni, nimvute mabega hivi, kitalia ko! na atasimama. Nimewafanyia wengi."

Fundi, akili zimemruka, alishaanza kuvuta kigoda.

"Mguse mtu aone," Mwalimu akasema, meno yamebana. "Nimeshaona watoto wamevunjika uwanjani. Aliyevunjika halazimishwi kukaa wala havutwi. Nilazeni kama nilivyo."

Wamlaze wapi? Chumba cha ushonaji hakina kitanda. Ila ile meza ya kukatia ilikuwa ni bao pana la mbao lililolazwa juu ya miguu miwili ya chuma, bila msumari. Wakamlaza mama juu yake polepole, bila kumkunja, na kwa vile alikuwa hawezi kugeuzwa wakamwacha na pini zake. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mchomeleaji mmoja mkubwa wa mwili, wanamwita Jitu, naye alipitia mikononi mwa Mwalimu utotoni. Wakamwita, na alipoona ni nani amelala pale aliivua ile kofia yake ya chuma, akasimama wima mlangoni kama mtoto wa darasa la pili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Acha kushangaa, beba."

Wakalibeba bao lote, Jitu na vijana wake wa karakana, na chaki na mkasi na vipande vya kitambaa juu yake, wakalipakia kwenye pikapu ya kubebea vyuma. Fundi alipanda nyuma akashika kichwa cha mama yake kisicheze. Njia nzima mama hakulia. Alihesabu mashimo ya barabara kwa sauti na kumtukana aliyeijenga.

Hospitali walimvua lile gauni. Muuguzi alikata kwa mkasi, krr, krr, na kila akikata Fundi alisikia kama anakatwa yeye. Wakamvisha gauni la hospitali, lile la kijani lililofuliwa mpaka likapoteza rangi, lenye kipimo kimoja kwa watu wote, linalofungwa kwa kamba nyuma. Kisha wakamgeuza ubavu, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, watu wanne, ili wamsafishe. Ile nguo ikafunguka mgongoni.

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja.

Mgongo wa mama yake ulikuwa umepinda. Umepinda kabisa, wazi, mtoto mdogo angeuona. Palipokuwa bapa palikuwa na nundu, ngozi imevutwa juu ya mfupa, na mabega yameanguka mbele kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ni mgongo aliokuwa ameupima kwa futi mara zote zile, sentimita kwa sentimita, akaukatia kitambaa, akaupigia pasi. Na leo ndiyo kwanza anauona. Akakaa juu ya ndoo ya taka bila kujua amekalia nini.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, anayeongea kama mtu anayemsomea mtoto. Aliweka picha za eksirei kwenye taa, zile zilizopigwa kutoka ubavuni, akamwita Fundi asogee. Kitanda cha Mwalimu kilikuwa pale pale, hivyo akawa anawaeleza wote wawili.

"Uti wa mgongo ni pingili, moja juu ya nyingine. Hizi za kifuani ndizo zimeshika mbavu. Pingili nzima inafanana na kopo, urefu wake mbele na nyuma ni sawa. Zione hizi za chini. Sasa itazame hii."

Fundi akatazama. Nyuma ile pingili ilikuwa na urefu wake, lakini mbele ilikuwa imebonyea, kama kipande cha sabuni kilichokanyagwa upande mmoja.

"Hii ndiyo iliyovunjika leo."

"Kwa chafya?" Fundi akauliza.

"Kwa chafya. Mifupa yake imekuwa myepesi, ndani imejaa vitundu kama mkate. Huwapata sana wanawake baada ya hedhi kukoma. Mfupa wa namna hiyo hausubiri ajali. Kuinua sufuria, kukohoa, kufunga kamba ya kiatu, basi." Akasogeza kidole juu kidogo. "Lakini si hiyo inayonishangaza. Hii hapa imevunjika pia. Na hii. Hizi ni za zamani, zimeunga zenyewe zikiwa zimebonyea hivyo hivyo. Ndizo zilizompinda. Dada, mama alianguka lini?"

"Sijaanguka mimi!" sauti ikatoka kitandani. "Mara ya mwisho kuanguka nilikuwa sijang'oa meno ya utotoni. Zimevunjika tatu? Unasema tatu, daktari?"

"Tatu, Mwalimu."

"Nimetembea na mgongo uliovunjika?"

"Miaka kadhaa."

Macho ya Mwalimu Wima yalikuwa yamemtoka pima, yanatazama dari.

"Hukuwahi kuumwa?" daktari akauliza.

"Niliumwa. Palikuwa na maumivu yanaanzia nyuma, yanazunguka mbavu, yanakuja hapa mbele. Nikadhani ni gesi. Nimekunywa dawa za kiungulia mpaka muuza duka akaniuliza kama nazifanyia biashara. Nikajikaza kisabuni, yakapita. Yakarudi, yakapita."

"Na hakuna mtu nyumbani aliyeona kwamba anapinda? Au anapungua kimo? Kwa kawaida nguo ndizo husema kwanza. Gauni linaanza kuburuza mbele."

Daktari aliuliza bila ubaya wowote, na macho yake yalikuwa kwenye picha. Fundi akatazama mikono yake, zile ncha za vidole zilizotobolewa na sindano. Akatikisa kichwa.

Ya matibabu daktari aliyaeleza vizuri. Alimgusa Mwalimu nyayo, akamwambia asukume mkono wake, akasukuma kwa nguvu hadi daktari akacheka. Mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya uti ulikuwa salama, kwa hiyo hakuna kupasuliwa. Dawa za maumivu. Kulala siku chache tu, kisha kuamka na kutembea, maana kulala sana kunazidi kuimaliza mifupa. Mkanda mgumu wa kushika mgongo kila anapokuwa amesimama au ameketi, hadi pingili iunge. Dawa za kuipa mifupa nguvu, maziwa, dagaa, jua la asubuhi, na baadaye mazoezi ya kunyoosha mgongo. Hakuna kuinama, hakuna kubeba. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kuzuilika, mbio hospitali, hata kama ni sikukuu.

"Na mkanda si mapambo," akasema. "Pingili moja tu ikibonyea tena vibaya, kipande kinaweza kusukumwa ndani kwenye ule mshipa. Hapo tutakuwa tunazungumzia kiti cha magurudumu." Akamgeukia Fundi. "Na wewe uje tukupime. Hii hutembea kwenye ukoo."

"Nitakuja, daktari," Fundi akajibu, vile unavyomjibu mchuuzi aliyeng'ang'ania mlangoni.

Wakarudi nyumbani na ule mkanda. Mkanda gani! Vyuma viwili mbele, kimoja kifuani kimoja tumboni, na kamba nene nyuma. Mwalimu alipojiona kiooni amevishwa lile dude, alisema, "Nimekuwa jiko la mkaa."

Ikafika siku ambayo barua ya kukumbushia shughuli ya uwanja ililetwa. Mwalimu akamwita binti yake chumbani.

"Lile gauni walilikata. Utanishonea jingine, la kuficha hili jiko."

"Halifichiki, mama. Linatokeza kifuani."

"Basi nitalivua siku hiyo. Ni saa chache."

"Mama, daktari alisemaje?"

"Daktari hajui watakaokuwepo pale. Watoto wangu wote watakuwepo, watu na heshima zao. Niliwachapa kwa kuinama, leo nisimame mbele yao nimejipinda kama ndoana ya kuvulia? Nitavua mkanda, na wewe utanishonea gauni. Kuna kinachokushinda wewe? Mpaka siku ile ya chafya nguo zako zilikuwa zinanikaa sawa, si ulikuwa unaona mwenyewe?"

Akilini Fundi alimwona mama yake amesimama pale uwanjani bila mkanda, jua kali, filimbi mdomoni, amejaza pumzi kifuani kwa nguvu zake zote. Ilikuwa chafya tu mara ile, na kupuliza filimbi hakuko mbali na chafya. Akatoka, akaenda kabatini, akarudi na gauni la mwaka uliopita. Akaligeuza ndani nje, akalilaza juu ya mapaja ya mama yake.

"Shika hapa, mama."

Mwalimu akapapasa. "Hii nini? Pedi?"

"Pedi. Na hii ni bitana ngumu. Na hapa mgongoni nimeongeza kitambaa, tazama, kipana hivi. Mbele nimepunguza." Machozi yakawa yanamchuruzika na hakuyafuta. "Mgongo wako haukuwa sawa, mama. Ni mimi niliyekuwa naushona uwe sawa. Hata lile nililokuwa nakupima siku ile."

"Tangu lini?"

"Tangu lile la buluu."

Mikono ya Mwalimu iliendelea kulipapasa gauni, pedi, bitana, marinda, kama kipofu anayejifunza uso wa mtu.

"La buluu," akasema mwishowe. "Wakati wa lile la buluu ndipo mbavu zilipoanza."

"Sikujua unaumwa."

"Nilikuwa naumwa, nakuja kwako, nalivaa, najitazama kwenye kioo chako kile kirefu. Naona mgongo umenyooka. Basi nasema, ni gesi. Unanisikia? Ningejiona nimepinda hata kidogo, mimi, mimi Mwalimu Wima, ningekwenda hospitali siku hiyo hiyo na raba zangu miguuni. Niliona mbavu zangu ndizo zinazodanganya." Akalisukuma gauni likaanguka chini. "Miaka yote hii umenivika kilemba cha ukoka, mwanangu. Nami nikakivaa nikazunguka nacho mjini."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kuambiwa hata kwamba si mtoto wake. Hilo la mbavu hakujiandaa nalo kabisa. Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji ya baridi, na alichoweza kusema ni, "Mama, mama," mpaka mama akamwonyesha mlango kwa kidole.

Hawakusemezana. Chakula kilipelekwa, vyombo vikarudi. Mkanda ukavaliwa asubuhi kwa msaada wa dada wa saluni. Kwenye cherehani Fundi alikuwa anashona, anafumua, anashona. Aliharibu nguo za wateja ambazo asingeziharibu hata amefumba macho.

Kisha asubuhi moja ikalia filimbi ndani ya nyumba. Fundi aliruka akaangusha kiti. Alimkuta mama yake amesimama katikati ya chumba, amevaa fulana nyepesi na mkanda juu yake.

"Chukua futi. Nipime. Na kila namba uiseme kwa sauti."

Fundi akapima. Bega hadi kiuno, mbele, akasema. Mwalimu akarudia namba ile ile kwa sauti yake ya uwanjani. Shingo hadi kiuno, nyuma, juu ya nundu, akasema. Sauti ya Mwalimu ikatetemeka, lakini akairudia. Walipomaliza wote wawili walikuwa wanalia, mmoja amepiga magoti, mwingine amesimama kwa sababu hakuruhusiwa kuinama.

"Shona hivyo hivyo nilivyo," akasema. "Ukiniwekea pedi nitakuchapa."

Siku ya shughuli uwanja ulijaa. Gauni lilikuwa la kahawia, limekatwa kufuata mwili, nundu yake na mkanda wake vikiwa mahali pake, na pindo lilikuwa limezunguka sawasawa mbele na nyuma, kwa mara ya kwanza bila hila. Mwalimu alipotokea, watu walinyamaza. Ule ukimya ulimchoma Fundi kuliko kelele yoyote. Mmoja aliyekuwa mstari wa wanafunzi wa zamani, karibu na Jitu, alishika kichwa.

"Mwalimu! Umefanya nini mgongo?"

"Umevunjika," Mwalimu akajibu, uwanja mzima ukasikia. "Mara tatu, na sikujua. Wenye mama zenu nyumbani, nendeni mkawatazame migongo, na muwatazame wakiwa hawajavaa kanzu. Haya! Wima!"

Loo, ungeona! Watoto, wazee, mkuu wa shule, mpiga picha, wote wakanyooka kwa mkupuo. Mwalimu akapuliza filimbi kwa uangalifu, kwa pumzi ndogo, na watu wakapiga makofi hadi viganja vikauma. Kisha akafanya alichokuwa anafanya zamani: akaanza kupita mbele ya mistari polepole, akikagua. Huyu kidevu juu. Huyu rudisha bega. Watu walikuwa wanacheka na kufuta macho.

Fundi alikuwa amesimama mwisho kabisa wa mstari, na mkoba wa dawa za mama yake mkononi. Amevaa gauni lake la shughuli, la kijani, analolipenda. Alimwona mama yake anakuja, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu siku ile ya chafya. Alitabasamu.

Mwalimu akafika, akasimama. Akamtazama uso, akatabasamu naye. Macho yakashuka, mabega, kiuno, hadi chini. Yakabaki chini.

"Hili gauni ulilishona lini?"

"Lina miaka mingi, mama. Kwa nini?"

Mwalimu hakuweza kuinama, kwa hiyo alinyoosha mguu, na kwa ncha ya raba yake nyeupe akagusa pindo la mbele. Lilikuwa limelala juu ya viatu vya Fundi, limechafuka vumbi. Akamzunguka, akatazama nyuma. Pindo la nyuma lilikuwa limepanda, visigino viko wazi.

"Aa, hilo?" Fundi akasema, akacheka. "Kitambaa tu, mama. Kimelegea."

Akajisikia anavyosema. Kicheko kikamkauka mdomoni, na mkoba wa dawa ukamponyoka, ukaanguka chini kati yao. Hakuna aliyeinama kuuokota. Mwalimu Wima aliipeleka mikono yake yote miwili mgongoni mwa binti yake, katikati, chini kidogo ya mabega, akapapasa taratibu, pingili kwa pingili.

"Jitu," akaita bila kugeuka. "Ile pikapu yako iko wapi?"